Kuponi Kumi na Mbili za Maziwa

Watu wa hapa Chilangala wakitaka kunichokoza huniuliza, "Mama Anjelina, hivi meli ikoje kwa ndani?" Wanajua nimepanda. Wanataka nikasirike tu, nami nakasirika, maana kunyamaza sijajifunza mpaka leo. Basi safari hii nasema mwenyewe yote, na atakayecheka acheke akijua anacheka nini.

Mwanzo wake ni mdomo wa mjukuu wangu. Bimdogo alizaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, ule wanaouita mdomo wa sungura. Kuna waliosema mama yake alimcheka kilema akiwa mjamzito. Upuuzi mtupu. Anjelina wangu hakuwa mtu wa kucheka watu, na aliyethubutu kusema hivyo mbele yangu nilimpa za uso akaondoka nazo. Mtoto wa mdomo ule hawezi kunyonya. Titi analo mdomoni, lakini akivuta anavuta upepo. Anjelina alikuwa akikamua maziwa yake kwenye kikombe na kumlisha kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka mkono unakufa ganzi.

Mwezi wa kwanza mwaka wa sabini na mbili Anjelina aliteremka bondeni Ruvuma kuangalia mpunga wake. Aliniachia mtoto na kikombe cha maziwa, akasema atarudi kabla kikombe hakijaisha. Alikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Tulikuwa tumeambiwa vita ni ya Msumbiji, ng'ambo ya mto, lakini mabomu hayo hayakuambiwa. Kaka yangu Pancras ndiye aliyekwenda kumchukua, na hakutaka nimwone. Nikabaki na mtoto asiyeweza kunyonya, na ziwa la kumkamulia halipo tena.

Aliyenishika mkono ni Sista Imakulata, muuguzi wa hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi. Aliniambia kuna daktari mgeni, fundi wa kushona midomo ya namna ile, anakuja Dar es Salaam mwezi wa nne. Atakaa wiki mbili, halafu anapanda ndege kurudi kwao.

"Lakini sharti ni moja, mama," alisema. "Mtoto lazima afike ratili kumi. Chini ya hapo hawamgusi, maana dawa ya usingizi inaweza kumuua."

Siku ile Bimdogo alikuwa na ratili saba.

Nilipanga chumba Mkomaindo wiki tisa. Nilikuwa napika maji, nakoroga maziwa ya kopo, nalisha kwa kijiko kila mara jua linaposogea kidogo, na kila Jumatatu nampeleka mzanini. Saba na nusu. Nane. Nane tena, akaharisha, nikalia. Tisa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye dhamana, kwa hiyo Pancras alituma shilingi mia na ishirini, hela yake yote ya korosho, bila kuniuliza itarudi lini. Wiki ya tisa mshale ulisimama kwenye kumi na robo. Sista Imakulata akaandika kwenye kadi, akanionyesha ile kumi na kidole chake. Sijui kusoma sana, lakini kumi ile naijua mpaka leo ilivyoandikwa.

Barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika Rufiji kwa mvua, hakuna basi linalopita. Ilibaki meli ya mwambao, kutoka Mtwara. Jina lake silitaji, maana kosa halikuwa la meli. Sista alinipa kopo la mwisho la maziwa na neno moja: "Melini maziwa yapo. Ukikata tiketi, kata na kuponi za maziwa." Nikafika Mtwara, naambiwa meli imechelewa siku mbili. Siku mbili hizo kopo likaisha, na madukani maziwa hayaonekani hata kwa dawa. Niliuza kanga yangu mpya kwa mwanamke wa sokoni ili niwe na akiba ya njiani, akanilipa sarafu tupu, shilingi thelathini na nne. Nilizifunga kwenye pindo la kanga iliyobaki.

Dirishani pa tiketi yule karani alinieleza taratibu za meli kwa upole, sina la kumlaumu. Alisema ndani ya meli hela haipokelewi, hata uwe nayo gunia, kwa sababu wahudumu waliwahi kuila. Njia ni tatu. Wafanyakazi wa serikali wanakuja na barua ya ofisi, wanasaini, ofisi inalipa. Wa daraja la kwanza wanaweka amana gatini kwa karani wa meli, wanasaini kila wanachokula, na mwisho wa safari wanarudishiwa kilichobaki. Sisi wa sitahani tunanunua kuponi hapo dirishani kabla ya kupanda. Nikanunua kumi na mbili, vijikaratasi vya rangi ya waridi, kila kimoja kikombe cha maziwa. Nikavifunga pindo la pili, mbali na zile sarafu. Nikapanda meli natembea kifua mbele, Mungu anisamehe, nikijiona nimekamilika.

Meli ilipoacha gati, kabla jua halijazama, karani wa meli alifungua kidirisha chake. Aliitwa Cuthbert, kijana wa Ziwa Nyasa, shati jeupe, adabu nyingi. Watu wakapanga foleni. Kila anayefika anatoa kuponi zake zote, Cuthbert anaziandika, anazitia kwenye sanduku, anampa mtu vibati vyenye namba. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Naomba kuponi zako nikupe vibati."

"Kuponi nitazitoa kesho jikoni," nikamwambia. "Nikipewa kikombe, natoa kuponi. Mkono huu na mkono huu."

"Haiendi hivyo, mama. Kuponi zinabaki hapa, ili jikoni wajue wapime vikombe vingapi. Jikoni wanataka kibati tu."

"Kwa hiyo mimi nikupe karatasi niliyoinunua kwa hela, wewe unipe bati."

"Ndiyo, mama."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Labda kwa sababu niliona mtego ule ule, na nilijiona mjanja kwa kuuona.

Hapa lazima niseme habari ya Pancras, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu. Miaka miwili kabla ya hapo kaka yangu alipeleka magunia tisa ya korosho kupima. Akapewa stakabadhi, hela atalipwa baadaye. Akaja karani mmoja, kalamu tatu mfukoni, akasema stakabadhi zikusanywe zikapigwe mhuri, na kila mtu atapewa kikadi cha namba cha kushikilia. Pancras akatoa. Karani yule hatujamwona tena, na kikadi kile hakuna ofisi iliyokitambua. Magunia tisa. Mwaka ule tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka meno yakaingia ganzi. Tangu hapo kijijini kwetu hata mtoto mdogo anajua: karatasi yako haitoki mkononi mpaka kitu chenyewe kiko mkononi. Tulikuwa tunalisema kwenye mikutano ya kijiji cha ujamaa mpaka mwenyekiti anachoka nasi.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo Mwalimu Nathanaeli, aliyekuwa akifundisha Chiwata, mtu wa Ukerewe, ameshika barua yake ya serikali aisajili. Akanigusa bega. "Mama Anjelina, toa tu. Huu ndio utaratibu wa meli, wote wanatoa."

"Wewe una mshahara, mwalimu. Ukiibiwa leo, mwisho wa mwezi unapata tena."

Akautoa mkono begani. Cuthbert akaniomba mara ya pili, akaniomba na mara ya tatu, akasema dirisha likifungwa halifunguliwi mpaka bandarini. Nikamwambia, "Lifunge." Nikatoka kwenye foleni, kuponi zangu kumi na mbili pindoni, na wanawake wawili wa Tandahimba wakaniangalia kama mtu mwenye akili. Mmoja aliniambia, "Umefanya vema." Lakini vibati vyake alikuwa ameshachukua.

Bimdogo jioni ile nilimpa maji ya sukari aliyonipa mwalimu. Nikamwambia vumilia, asubuhi utakunywa maziwa.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza pale jikoni. Mpishi akanyoosha mkono, mimi nikaweka kuponi kwenye kiganja chake. Akaitazama, akanirudishia. "Kibati, mama." Nikamwonyesha mtoto. Akamwona mdomo, akageuza macho, akasema tena taratibu, "Kibati." Nyuma yangu watu wanaweka vibati vyao, kling, kling, kwenye sahani, wanapewa vikombe. Wale wawili wa Tandahimba nao. Nilisimama pembeni nikaona maziwa yanapita mbele yangu, meupe, yanatoa moshi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa ananiibia.

Nilikimbia kwa Cuthbert. Nilimpa kuponi zote kumi na mbili, nikazimwaga mezani.

"Mama," akasema, "orodha ilifungwa jana. Maziwa ni ya unga. Bwana stoo aliyapima jana ile ile kwa hesabu ya vibati, akafunga stoo, na haifunguliwi mpaka dirisha lifunguliwe tena. Tukitia nanga Kilwa, nitafungua. Nakuahidi wewe utakuwa wa kwanza."

"Chukua hela basi." Nikafungua pindo lile jingine, nikamwaga sarafu.

"Hela siwezi kabisa. Nitafukuzwa kazi."

"Nisainishe kama wale wa juu."

"Huna amana, mama."

"Hela hii si amana?"

"Amana inawekwa gatini."

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye jana nilimwambia alifunge. Yule kijana akatoka nyuma ya meza akaniinua, macho yake mekundu. Akaniletea kikombe chake mwenyewe, maziwa aliyopewa yeye kwa chai yake, nusu kikombe hivi. Nilimlisha Bimdogo kwa kijiko. Alikunywa vijiko sita, saba, meli ikapanda wimbi ikashuka, na mtoto akatapika yote kwenye kifua changu. Nililamba kidole kilichoroa nikasikia utamu wake.

Nikasubiri Kilwa. Nilikaa sitahani na macho yangu yako pwani, nahesabu minazi. Mwalimu Nathanaeli alikwenda jikoni na barua yake ya serikali, akasaini, akarudi na chai ya maziwa, kwa sababu barua ya daraja lake haikuwa na maziwa matupu. Chai yenyewe ilikuwa ya tangawizi. Mtoto aliikunjia sura akaikataa, tukampoozea, akaikataa tena. Nina unga wa muhogo kwenye kikapu, ningempikia uji mwepesi, lakini moto sitahani ni marufuku. Niliwazungukia wenye vibati nikitaka kununua kimoja, lakini vya maziwa vilikuwa vimekwisha pale pale asubuhi. Kuponi ninazo, hela ninayo, na maziwa yako hatua kumi kutoka nilipokaa. Sijawahi kuwa na vitu vingi hivyo kwa pamoja na kushindwa hivyo.

Saa nane mchana pwani ya Kilwa ikaonekana. Bahari ilikuwa imechafuka. Meli ikapunguza mwendo, watu wakasimama, na mimi nikaenda kusimama kabisa mbele ya kidirisha cha Cuthbert, kuponi mkononi, nimezipanga vizuri. Halafu mlio wa injini ukabadilika. Nahodha ameona mashua za kushusha watu haziwezi kuja, tunaendelea moja kwa moja. Pwani ikaanza kurudi nyuma. Cuthbert alinitazama kupitia kioo cha kidirisha, nami nikazirudisha kuponi pindoni.

Kutwa nzima ile na usiku wake Bimdogo aliishi kwa maji ya sukari. Kwanza alilia, halafu akawa analia bila sauti, halafu akalala tu. Utosi wake ukabonyea. Nilikuwa nambeba namshusha, nampima kwa mikono yangu, na mikono ya mwanamke aliyebeba mtoto huyo huyo wiki tisa haidanganyiki. Nilijua kila robo ilipoondoka. Nilimwomba Anjelina radhi, kwa sauti, watu wanasikia.

Alfajiri ya Alhamisi tukaingia Dar es Salaam. Mwalimu alinipeleka mpaka hospitali, akakataa nimlipie teksi. Wakaniambia daktari bado yupo, lakini leo ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua watoto, kesho anashona, keshokutwa anaondoka. Nilisikia hivyo nikaomba nielekezwe msalani kwanza.

Sasa hili sijawahi kumweleza mtu hapa kijijini. Kule msalani nilifungua pindo, nikachukua zile shilingi thelathini na nne, nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitia ndani ya nepi ya mtoto. Nilijua Sista Imakulata alikuwa akimpima mtupu. Nilijua. Lakini ile hela ilikuwa imeshindwa kununua maziwa, nikaona angalau iwe na uzito.

Nesi wa mzani alikuwa mama mtu mzima, mwenye haraka. Nikamweka Bimdogo na nepi yake. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kumi na kidogo. Nilipumua.

"Mvue na nepi, mama. Tunapima mtoto mtupu."

"Anaharisha, nesi, atachafua."

"Nitafuta."

Akaivua mwenyewe, na kile kitambaa kikafunguka. Sarafu zikamwagika sakafuni, zikabingirika chini ya meza na chini ya viti, na akina mama wote kwenye benchi wakanyanyua miguu kuzipisha. Mshale ukarudi kwenye tisa na nusu.

Nesi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliinama akaniokotea hela yangu, sarafu moja moja, akanipa, halafu akaniomba kadi ya Bimdogo, akasema anampelekea daktari aandike. Niliitoa kadi ile haraka sana, nikampa kwa mikono miwili. Alirudi nayo baada ya muda. Daktari amesema mtoto amekauka maji, alazwe apewe maziwa, na aletwe tena daktari atakapokuja.

"Atakuja lini?"

"Hatujaambiwa, mama."

Walimlaza. Alikunywa vizuri, hakuna wimbi la kumtapisha. Jumamosi nilisikia ndege inapita juu ya paa la wodi, sijui kama ndiyo yake, lakini nilitoka nje kuitazama. Jumapili Bimdogo alikuwa na tisa na robo tatu.

Kurudi tulirudi na meli ile ile. Gatini nilizitoa zile kuponi kumi na mbili, karani wa tiketi akazigeuza akanionyesha mhuri. Tarehe yake imepita. Nikanunua nyingine kwa zile sarafu. Nilipopanda nilikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya kidirisha cha Cuthbert kabla hakijafunguliwa, peke yangu, foleni haijaanza. Alipofungua alinikuta nimenyoosha mkono na kuponi zote. Akamtazama mtoto mgongoni, akauona mdomo bado uko vile vile.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba baba. Chukua."

Akanipa vibati. Bahari ilitulia safari nzima. Kila nilipokwenda jikoni niliweka kibati, nikapewa kikombe, na Bimdogo alikunywa mpaka akawa anasukuma kijiko kwa mkono. Jumatatu iliyofuata, Mkomaindo, mshale ulisimama kwenye kumi na robo. Sista Imakulata aliandika kumi ile ile, kwa mwandiko ule ule, halafu akaweka kalamu chini akanishika bega, tukakaa hivyo mpaka mama aliyefuata akabisha hodi.

Daktari yule hakuja mwaka uliofuata, wala uliofuata tena. Bimdogo sasa ana miaka minne. Anaongea kwa pua, watoto wenzake hawamwelewi, wanamcheka, na mimi peke yangu ndiye ninayemfasiria. Pancras hajaniuliza habari ya mia na ishirini yake. Siku niliyomsimulia ile habari ya vibati aliinamisha kichwa, akasema angekuwa yeye, naye asingetoa.

Zile kuponi ninazo kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, rangi imefifia kidogo. Ziko kumi na mbili, hakuna mtu aliyenidhulumu hata moja.